Amekwambia "toa hela, la sivyo…": uende polisi, TAKUKURU, kwa wakili au mtaani?

Dada mmoja anayekaanga chipsi Nkuhungu alinijia jioni, simu ameifunga kwenye ncha ya khanga. Aliifungua taratibu, akaiweka mezani, akageuza uso pembeni ili nisome mwenyewe. Ujumbe ulikuwa mmoja: "Laki 3 iwe imeingia kesho kabla ya saa 12 jioni, la sivyo picha zako zinaenda kwa mumeo na kwenye grupu la kikoba." Chini yake namba ya kutumia pesa, na jina lililosajiliwa kwenye namba hiyo hakulijua kabisa.

Hakuja kuniomba hela. Alikuja kwa sababu watu wanne walikuwa wamemshauri njia nne. Kaka yake alisema polisi. Jirani alisema TAKUKURU, ile taasisi ya kupambana na rushwa, maana "wale hawacheki na mtu". Mteja wake wa kila siku alimwambia atafute wakili aandike barua. Mjumbe wa mtaa akasema mwite, tukae, yaishe. Wote walimtakia mema, na njia zote nne zipo kweli. Ila haziendi mahali pamoja, na ukishika isiyokuhusu unapoteza siku mbili tatu ambazo anayekutisha anazitumia vizuri sana.

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria wa kujitolea hapa Dodoma mjini, na haya ndiyo ninayowaeleza watu kabla hawajapanda bodaboda kwenda popote.

Kwanza: hili ni kosa gani?

Kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, jambo hili halikupewa jina moja. Liko kwenye vifungu kadhaa vinavyofuata vile vya unyang'anyi. Katika Toleo la 2022 ni vya 289 hadi 292. Kimoja kinahusu kudai kitu kwa maandishi yenye vitisho. Kingine kinamhusu anayetishia kukushitaki au kukusingizia kosa ili umpe chochote. Kipo cha kumlazimisha mtu kwa vitisho asaini hati, na kipo cha kudai mali kwa vitisho kwa nia ya kuiba. Namba husogea toleo la sheria linapobadilika, kwa hiyo shika maudhui yake.

Ukivisoma pamoja, unaona mambo matatu yanayotafutwa. Kuna dai: anataka kitu kutoka kwako. Kuna tishio: usipotoa, jambo baya litakupata wewe au mtu mwingine. Na hakuna msingi wa haki: yeye hana sababu halali ya kukudai kitu hicho. Yakikutana hayo matatu na nia ya kujipatia, tunazungumzia kudai kwa vitisho.

Watu wengi hukosea hapa pawili. Wanadhani tishio lazima liwe la panga au la kuua. Sivyo. Kwenye kifungu cha maandishi, sheria inazungumzia madhara au hasara ya aina yoyote, kwa hiyo kutishia kukuvunjia ndoa, kukuharibia kazi au kukuaibisha mbele ya kikoba kunaweza kuingia. Pili, wanadhani mpaka watoe fedha ndipo kosa lihesabike. Ujumbe wa kudai wenye vitisho ukikufikia, kosa limeshatendeka, hata kama hujatuma shilingi moja. Hili nalisema kwa sauti kila mara, kwa sababu nimeona watu wanatuma hela eti "wapate ushahidi". Ushahidi tayari umo kwenye simu.

Kuna la tatu linalowanyamazisha watu: "Lakini picha ni zangu kweli, kosa nilifanya." Siri kuwa ya kweli hakumpi mwingine haki ya kukutoza kwayo. Aibu yako na kosa lake ni vitu viwili.

Sasa upande wa pili. Siyo kila "la sivyo" ni jinai. Mwenye nyumba wa Area C akikwambia "usipolipa kodi ya miezi 3 nakupeleka mahakamani", anakudai haki yake na anataja njia halali. Aliyekuuzia magunia ya alizeti akasema atakushitaki kwa deni, yuko sawa. Lakini mwenye nyumba huyohuyo akisema "usipolipa nampigia mwajiri wako nimwambie wewe ni mwizi", ameanza kutoka kwenye njia ya kudai na kuingia kwenye njia ya kutisha. Hata kama deni ni la kweli, namna yake ya kudai inaweza kumtia kwenye kosa jingine.

Kosa hili lina majirani watatu, na ni vizuri kuwajua. Tapeli hakutishi, anakudanganya, unatoa kwa kuamini. Mnyang'anyi anatumia nguvu, au anatishia kuitumia, palepale anapokuibia. Akiwa na silaha, kifungo hakipungui miaka 30. Na mtu mwenye dhamana ya ofisi anayekuzuilia huduma mpaka "umwelewe" yuko kwenye rushwa, ambayo ina sheria yake na chombo chake.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali yaleyale. Anayekutisha ni nani: mtu wa kawaida, mwenye cheo, mkopeshaji, au ndugu? Ushahidi gani unahitajika? Inachukua muda gani, na inagharimu nini? Siri yako inabaki wapi? Na mwisho wa safari unapata nini: mtu kufungwa, fedha kurudi, au kimya tu?

Hilo la mwisho ndilo naliuliza kwanza nikiwa na mtu mezani. Wengi wakitulia wanajibu, "Nataka aache." Jibu hilo linabadilisha mengi.

Polisi

*Nani anakutisha.* Hii ndiyo njia ya mtu wa kawaida anayekutisha: mpenzi wa zamani, mtu usiyemjua kwenye simu, kijana aliyeokota simu yako, jirani anayesema atakuchomea banda. Kama tishio ni la kuumiza mwili au kuchoma, usilinganishe tena njia, nenda au piga 112. Kama limekuja kwa simu au mtandao, ipo pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Humo, kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha au kumsumbua ni kosa linalojitegemea. Adhabu iliyopitishwa ni faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote.

*Ushahidi.* Nenda na simu yenyewe. Skrinishoti inasaidia, ila simu yenye ujumbe wa asili ina nguvu zaidi, kwa sababu mpelelezi anahitaji kuonyesha ujumbe ulitoka namba ipi, lini, na haukuchezewa. Usifute, usimzuie huyo mtu kabla hujahifadhi, usibadilishe simu. Kama alikupigia, andika kwenye daftari tarehe, saa na maneno yake kama alivyoyasema. Yule dada alikuwa na daftari la mahesabu ya viazi; ukurasa wa nyuma aliandika "saa 2:40 usiku, kapiga, kasema nina mpaka kesho". Mstari mmoja kama huo, ulioandikwa usiku uleule, unafaa kuliko kumbukumbu ya miezi sita baadaye.

*Muda na gharama.* Kuandikisha taarifa hakulipiwi. Hakikisha unaondoka na namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi, maana bila hiyo kesho utaanza upya kwa askari mwingine. Kupatikana kwa taarifa za namba ya simu kutoka kampuni ya mawasiliano kunaweza kuchukua muda, na hapa watu wengi hukata tamaa. Nenda na RB yako, uliza jina la mpelelezi, rudi. Kufuatilia siyo usumbufu, ni haki yako.

*Siri.* Hapa pana ugumu, na sitauficha. Kaunta ya kituo mara nyingi ina watu. Unaweza kuomba kuzungumza pembeni, na kwa picha za faragha au vitisho vya kimapenzi omba Dawati la Jinsia na Watoto. Lakini kesi ikifika mahakamani utatoa ushahidi.

*Unachopata.* Mtu anaweza kukamatwa na kushitakiwa. Kwa anayetaka aache tu, mara nyingine hatua ya kuitwa kituoni inatosha kumnyamazisha. Kurudishiwa fedha ulizokwisha kutuma ni habari nyingine, usiitegemee.

Njia hii inamfaa mwenye ushahidi wa maandishi na asiyejua mtishaji yuko wapi, kwa kuwa wewe mwenyewe huna uwezo wa kumtafuta. Haimfai anayetaka pasijulikane kabisa.

TAKUKURU

*Nani anakutisha.* Jirani wa yule dada alikosea hapa tu. TAKUKURU wanafanya kazi chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Swali lao la kwanza ni kama anayekubana anatumia nafasi aliyokabidhiwa. Kijana mwenye picha za mtu hana ofisi. Lakini mkaguzi anayezuia mzigo, afisa anayekalia kibali, askari anayesema "nikuandikie kosa kubwa au tuongee", mwalimu anayefungamanisha alama na mwili wa mwanafunzi: hao ndio wao. Rushwa ya ngono imo kwenye sheria hiyohiyo. Na si lazima awe mtumishi wa umma. Wakala wa kampuni binafsi anaweza kuingia pia.

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi kutoka upande wa Kibaigwa alinisimulia alivyokwama. Karatasi zake zilikuwa kamili. Mtu wa ofisi moja alizipitia, akazikunja, akaziweka mfukoni mwa shati, akasema: "Lori litalala hapa mpaka utakapoelewa." Hakutaja kiasi. Ndivyo inavyosemwa kwetu: *kuelewa*, *ya maji*, *kuongea vizuri*. Dai lipo na tishio lipo, ila yamevaa nguo za heshima. Mfanyabiashara alizunguka nyuma ya tela, akapiga 113, namba ya TAKUKURU.

*Ushahidi.* Tofauti kubwa na polisi ni hii: hapa ni vizuri uende kabla ya kutoa. Wakikuta dai bado liko hai, wanaweza kuandaa mtego kwa fedha zilizotayarishwa, na mtu akakamatwa nazo mkononi. Ukishatoa kimya kimya, kazi inakuwa ngumu, na ukumbuke kwamba kutoa rushwa nako ni kosa. Haina maana unyamaze kama ulishatoa kwa kubanwa. Ina maana ukaeleze mwenyewe, mapema, na kwa ukweli wote.

*Muda na gharama.* 113 hailipiwi, na Dodoma tuna bahati ya kuwa na makao makuu pamoja na ofisi ya mkoa. Wilayani nako wapo. Mtego unaweza kupangwa haraka kama umetoa taarifa mapema. Uchunguzi wa jambo lililopita ni mrefu.

*Siri.* Nadhani hapa ndipo TAKUKURU wanapowapa watu ahueni. Unaweza kutoa taarifa bila kusimama kaunta, na tangu 2015 ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi. Lakini ukiwa wewe ndiye uliyedaiwa, na wewe ndiye uliyebeba fedha za mtego, mtuhumiwa atajua ni nani. Jiandae kwa hilo.

*Unachopata.* Kuadhibiwa kwa mwenye cheo. Kibali chako au mzigo wako uliozuiwa utaendelea kuudai kwa ofisi husika. Andika barua kwa mkuu wa ofisi hiyo siku hiyohiyo.

Inamfaa aliyebanwa na mtu mwenye mhuri. Kama anayekubana ni polisi mwenyewe, njia hii ni nyepesi kuliko kurudi kituo kilekile.

Wakili au msaada wa kisheria

*Nani anakutisha.* Njia hii inang'aa pale ambapo anayekutisha ana dai la kweli, lakini anadai vibaya. Mfano ulio hai ni mikopo ya kausha damu kwenye simu. Kijana amekopa elfu 80, amechelewa wiki moja, na mkopeshaji ameshawatumia mama yake, mkuu wake wa kazi na mchungaji ujumbe kwamba ni tapeli, na anaahidi kuendelea. Deni lipo. Vitisho navyo vipo. Mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, kwa hiyo la kwanza ni kuangalia kama aliyekukopesha anatambulika. Kutumia majina ya watu kwenye simu yako bila ridhaa ni jambo la kupeleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo makao yake yako hapahapa Dodoma.

*Ushahidi.* Mkataba, miamala, kumbukumbu za ulichokwisha kulipa, na ujumbe wa vitisho pamoja na ule waliopelekewa ndugu. Waombe ndugu wasifute.

*Muda na gharama.* Barua inaweza kuandikwa siku moja. Kesi ya madai ni safari. Wakili wa kujitegemea atakutoza, na bei mnapatana. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, asiye na uwezo anaweza kupata msaada bila malipo. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imewafikisha watoa msaada hadi kwenye kata. Msaidizi wa kisheria akikuomba "nauli ya kufuatilia faili", mwulize kwa nini.

*Siri.* Kubwa kuliko njia zote. Unachomwambia wakili kinakaa kwa wakili.

*Unachopata.* Makubaliano ya maandishi, vitisho kusitishwa, pengine fidia. Hakuna atakayefungwa kwa barua ya wakili.

Tahadhari moja ninaijali sana. Wapo waliotishwa ambao, kwa hasira, hugeuza kibao: "Nilipe milioni 2 nisikupeleke polisi." Usiandike hivyo, wala usikubali mtu akuandikie. Kumdai mtu malipo ili ufiche kosa la jinai kunaweza kukutia hatiani wewe. Unatoa taarifa, au unadai haki yako. Usiuze ukimya wako.

Serikali ya mtaa, kijiji na wazee

Nitapita haraka, siyo kwa dharau. Mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji anaifaa migogoro ya watu wanaofahamiana: shemeji anayetishia kuwaambia watoto jambo ili apewe eneo, jirani wa shambani Hombolo anayesema ataingiza ng'ombe kwenye zabibu zako usipomlipa njia. Ushahidi ni maneno na mashahidi wa jirani. Gharama ni ndogo, kikao kinaweza kuwa kesho asubuhi. Siri haipo, mtaa utajua kabla chai haijapoa. Unachopata ni maridhiano na muhtasari wa kikao, na muhtasari huo uombe nakala yenye mhuri, kwa sababu akirudia utakuwa na pa kuanzia. Kikao hakina mamlaka ya kumtia mtu hatiani kwa kosa la kudai kwa vitisho. Tena kwa picha za faragha nakataa kabisa: kumkalisha dada mbele ya wajumbe saba wamsikilize mwanamume aliyemtishia ni kumwaibisha mara ya pili.

Ukiwa njia panda

Kama humjui anayekutisha na vitisho vimekuja kwa simu, anza polisi. Kama ujumbe unanuka utapeli kuliko tishio la kweli, ile ya "mwanao amepata ajali, tuma hela" au "umeshinda", ripoti kwa ujumbe mfupi kwenye 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, ufuate maelekezo utakayojibiwa, na usitume hela.

Kama anayekubana ana ofisi na wewe bado hujatoa, piga 113 kabla jua halijazama.

Kama unadaiwa kweli, tenganisha karatasi mbili. Moja iwe ya deni: kiasi gani, umelipa nini, utamalizaje. Ya pili iwe ya vitisho. Nenda nazo kwa msaada wa kisheria. Huko watakwambia kama ya pili inatosha kupelekwa polisi. Zikichanganyika, utaonekana mdaiwa anayekwepa.

Kama ni ndugu, hakuna tishio la kumwaga damu, na bado mtazikana, mtaa unaweza kutangulia. Akirudia, panda ngazi.

Unaweza pia kutumia njia mbili pamoja. Yule dada hakutuma laki 3. Asubuhi alikwenda kituoni na binamu yake, akaomba dawati, akapewa RB. Mchana alipita kwetu tukamsaidia kuandika maelezo yake kwa mtiririko. Jioni, kabla ya saa 12, alimwambia mumewe mwenyewe. Hilo la mwisho sikumshauri mimi wala mtu yeyote, aliliamua njiani akirudi Nkuhungu, na si kila mtu ana ndoa ya kubeba habari kama hiyo. Lakini ujumbe uliofuata kutoka kwenye ile namba aliusoma akiwa anamenya viazi.

Na kama umeshatuma fedha, labda mara mbili, mara tatu, njoo hivyohivyo. Usiongeze ya nne. Chukua taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu, panga kwa tarehe, andika pembeni ya kila muamala ujumbe uliotangulia. Beba kitambulisho, chaja, na mtu mmoja unayemwamini akae nawe kwenye benchi.